Mke wa Saa Sita Mchana

Upande wake wa kitanda ulikuwa na joto.

Alikuwa ametoka nyumbani saa moja asubuhi, na sasa ilikuwa saa kumi na nusu alasiri. Kati ya nyakati hizo mbili hapakuwa na sababu yoyote ya godoro la upande wa dirishani kuwa na joto, kwa maana mumewe, ambaye alikuwa mwoka mikate na kwa hiyo alifanya kazi usiku na kulala mchana, alilala siku zote upande wa ukutani, kifudifudi, mkono mmoja ukining'inia kama mkono wa shati kwenye kamba. Mama Pacha, ambaye pacha wake walikuwa shule ya bweni, alisimama na mkoba begani, kiganja juu ya shuka. Kisha akafanya jambo ambalo wanawake wengi wasingelifanya: akapima. Joto lilianza penye mto, likaishia karibu na mguu wa kitanda. Shibiri saba kwa urefu, mbili kwa upana. Paka hana urefu huo.

Miaka kumi na tisa ya kutunza maabara ya wadudu katika chuo kikuu ilikuwa imemfundisha kwamba kitu hutazamwa kwanza, hupimwa pili, na jina hupewa mwisho. Kwa hiyo hakulipa jambo hili jina. Aliinama akanusa mto wake, akasikia harufu ya stoo ya kazini, akajiambia kwamba ameileta mwenyewe kwenye nywele. Alivua viatu, akanyoosha shuka, akaenda jikoni kubandika chai. Lakini mikono ilikuwa imeshaelewa. Ilivunja kikombe.

Mumewe aliamka saa kumi na moja kama kawaida. Alikuja jikoni akijinyoosha, uso umelainika, tabasamu la mtu aliyeota vizuri likiwa bado limemganda mdomoni.

"Umerudi tena?" alisema.

"Tena?"

Akajikuna kidevu. "Nimesema tena? Ni usingizi, Mama Pacha. Nipe chai."

Alimpa. Alipoinama kuweka kikombe mezani, harufu ile ilimpanda usoni: tamu, nzito, kama ya tunda lililoiva kupita siku yake. Ilikuwa harufu ya klorofomu. Na safari hii haikutoka katika nywele zake. Ilitoka kwenye masharubu ya mumewe, mtu ambaye katika miaka kumi na sita ya ndoa hakuwahi kukanyaga chuoni hata siku moja.

Hapo ndipo jambo lilipopata jina, na jina lilikuwa la mwanamke.

Walioshika chupa ya klorofomu pale kazini walikuwa wawili tu. Wa kwanza alikuwa yeye. Wa pili alikuwa msaidizi wa mhadhiri, mwanamke wa miaka ishirini na saba ambaye chuo kizima kilimwita Binti wa Vipepeo kwa sababu ya utafiti wake. Alikuwa mwenye meno meupe, mchekaji, mwepesi wa miguu, na aliingia stoo wakati wowote alipohitaji dawa ya kuulia wadudu. Mama Pacha alikuwa amempenda tangu siku ya kwanza. Sasa alimtazama kama mtu anavyoutazama ufa uliotokea ukutani baada ya mvua.

Wivu wake haukuwa wa kupiga kelele. Ulikuwa wivu wa kuweka kumbukumbu. Kwa siku tisa alipima godoro kila aliporudi. Siku saba za kazi lilikuwa na joto. Jumamosi na Jumapili, alipokuwa nyumbani mwenyewe, lilibaki baridi. Ushahidi gani zaidi ulihitajika? Mwizi huja mwenye mali akitoka. Alianza kukosa hamu ya kula. Kila mchana alikaa kwenye kigoda chake stoo, akafungua kibakuli cha chakula, na saa nane kengele ilipolia alikuta chakula kiko vilevile, kimepoa, kijiko hakijalowa. Wivu umenishibisha, aliwaza.

Jumanne ya wiki ya pili Binti wa Vipepeo alifundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na Mama Pacha alisimama nyuma ya darasa na sinia la mitungi ya wadudu, akisikiliza sauti ile tamu na kuichukia neno baada ya neno.

"Jina lenyewe ni hadithi," Binti alisema, akiinua chupa ya kahawia. "Nusu ya kwanza ni klorini, na klorini imepewa jina kwa rangi yake, kijani kilichopauka. Nusu ya pili imetoka kwenye asidi ya siafu, asidi ambayo wataalamu wa kale waliipata kwa kuwachemsha siafu wenyewe. Kwa hiyo ukisema klorofomu umetaja rangi na mdudu kwa mpigo mmoja."

Akaendelea. Katika mwaka wa 1831 au karibu na hapo, watu watatu katika nchi tatu walikipata kimiminika hiki, pasipo mmoja kujua kwamba mwenzake anakitafuta. Miaka kumi na sita baadaye daktari mmoja alikinusa pamoja na rafiki zake baada ya chakula cha jioni, na wote wakajikuta chini ya meza.

"Kama harusini kwa mjomba wangu," mwanafunzi mmoja alisema, na darasa likacheka.

"Mjomba wako alitumia kitu kingine," Binti alijibu. "Baada ya hapo wanawake walijifungua wakiivuta, na watu walikatwa miguu wakiwa wamelala."

"Mwalimu, kwenye sinema ni kitambaa puani, mara moja mtu chini."

"Sinema zina haraka. Kwa kweli huchukua dakika nyingi, na anayevuta hupigana. Tena wengine hawaamki kabisa. Moyo husimama bila kuaga. Ndiyo maana hospitali ziliiacha. Leo tunaitumia kwa wadudu, tusiwavunje mbawa, na kwa kutenganisha mafuta, na mafundi huunganishia plastiki. Na kumbukeni, hukaa katika chupa ya kahawia, gizani. Ikiona mwanga siku nyingi hugeuka sumu mbaya zaidi." Akamgeukia Mama Pacha na kutabasamu. "Mama atawaambia. Hakuna anayeijua kumshinda."

Mama Pacha hakutabasamu. Alikuwa akitazama midomo ya Binti.

Usiku uleule mumewe alianguka kazini. Waliomleta nyumbani kabla ya jua kuchomoza walisema alisinzia amesimama, trei ya mikate mkononi, mkono ukagusa mlango wa tanuri. Zahanati walifunga jeraha, wakamsikiliza kifua, wakamsikiliza tena. Moyo wake, walisema, ulikuwa unapiga kama mtu anayepanda ngazi na kuruka daraja mojamoja. Apumzike. Je, hutumia dawa yoyote?

"Situmii kitu," mwoka mikate alisema. "Nalala tu. Sijawahi kulala vizuri hivi maishani."

Mama Pacha aliyasikia maneno hayo na moyo wake ukagawanyika mara mbili. Nusu iliogopa kwamba mumewe angekufa. Nusu nyingine iliuliza: vizuri hivi, na nani?

Asubuhi ile alimwacha amelala, akafunga uzi mwembamba mweusi kuvuka mlango wa chumba, usawa wa kifundo cha mguu. Aliufunga kwa fundo la mizunguko mitatu analofungia mifuko ya sampuli, akaacha ncha mbili za urefu wa ukucha. Aliporudi alasiri alikuta uzi uko palepale na fundo lilelile. Akapumua. Kisha akapiga magoti kutazama vizuri, akaona ncha zimekuwa fupi. Uzi ulikuwa umefunguliwa, ukafungwa upya, kwa fundo ambalo katika maisha yake alikuwa amemfundisha mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuwa na meno meupe.

Kesho yake saa tano alimkuta Binti wa Vipepeo stoo na akafunga mlango nyuma yake.

"Unatumia klorofomu nyingi," alisema polepole. "Chupa imeshuka karibu nusu. Vipepeo gani hao wanaokunywa hivyo?"

Binti alishangaa. "Mimi, mama? Mimi nina wiki mbili sijamimina. Ile ya darasani ulinimiminia wewe."

"Usinitanie, mwanangu. Mimi si rika lako."

"Sikutanii. Mistari si ipo?"

Ilikuwa sheria ya stoo ile, na Mama Pacha ndiye aliyeianzisha: kila anayemimina huchora mstari wa penseli kwenye lebo, usawa wa kimiminika, na kuandika siku, saa na alama yake. Chupa ilikuwa imegeuzwa, lebo ikitazama ukutani. Binti aliizungusha taratibu kuelekea kwenye taa.

Ukiacha ule wa darasani, mistari mipya ilikuwa minane. Yote saa sita na robo. Yote kwa mwandiko wenye tarakimu sita iliyopinda mkia, mwandiko ambao Mama Pacha aliuona kila siku katika vitabu vyake mwenyewe.

"Nilidhani una kazi maalumu ya mchana," Binti alisema kwa sauti ya chini. "Kila siku saa sita na robo unatoka na kichupa kidogo, unarudi kabla ya kengele. Juzi nilikusalimia mlangoni. Ulinitazama kama hunijui. Tena ulikuwa unanukia vizuri, mama. Nikasema labda ana miadi."

Mama Pacha alitafuta kigoda, akakaa. Alitaka kukasirika, lakini hasira ilikosa mahali pa kutua.

Aliomba ruhusa akaenda moja kwa moja kwa wifi yake. Dada huyu wa mumewe alikuwa mshonaji, na cherehani yake ilikaa barazani, ikitazamana na mlango wa kaka yake kwa umbali wa hatua ishirini. Hapakuwa na kuku aliyepita pale bila yeye kujua.

"Wifi," Mama Pacha alisema, "niambie ukweli. Usimfichie kaka yako. Nani huingia kwangu mchana?"

Mshonaji aliondoa mguu kwenye kanyagio. Akamtazama, akaanza kucheka, akaacha.

"Una homa?"

"Nijibu."

"Ni wewe, wifi. Saa sita na dakika arobaini, kama treni. Unapita hapa mwendo wa bibi harusi, hata salamu hunipi, unaingia, mapazia yanafungwa. Nikajisemea, jamani, mapenzi ya uzeeni haya, na mimi mjane nashona vifungo." Alipoona uso wa mwenzake alishusha sauti. "Kumbe hujui?"

"Sijui."

"Hujui nini?"

"Sikumbuki hata siku moja."

Mshonaji alikunja kitambaa alichokuwa akikishona, akakikunja tena, kikawa kidogo kama barua. "Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako," alinong'ona. "Mimi nilidhani wanasema chawa."

Waliweka mpango, kwa kuwa Mama Pacha hakuweza kuishi bila mpango. Siku iliyofuata, saa sita kasoro dakika tano, alimkabidhi Binti funguo zote za stoo na kumwomba asimpe hata akilia. Kisha akaenda kukaa uani, kwenye benchi la saruji, juani, katikati ya wanafunzi, saa ya mkononi ikiwa magotini. Mshonaji angekaa ndani ya nyumba, nyuma ya mlango wa jikoni, asubiri. Saa sita na dakika tano alikuwa uani. Saa sita na dakika kumi alikuwa uani, anasikiliza vijana wawili wakibishana kuhusu mpira. Saa sita na dakika kumi na nne mshale wa sekunde ulipita juu ya tisa, ukapita juu ya kumi,

na sauti ya wifi yake ikasema, karibu sana, kwa upole wa mtu anayesema na mtoto aliyepanda juu ya ukuta, "Mama Pacha, weka chini hicho kitu," naye akaona, kama anayetazama kutoka chini ya maji, kwamba yuko chumbani kwake, kwamba mapazia ya kahawia yamefungwa na jua linapenya ndani likiwa na rangi ya chupa, kwamba amekaa kitandani upande wa dirishani, miguu imekunjwa kama msichana, na kichwa cha mumewe kimelala mapajani mwake, na mkono wake wa kulia, mkono wake mwenyewe wenye kovu la asidi penye kidole gumba, unampangusa mumewe uso kwa kitambaa kilicholowa, puani, mdomoni, puani tena, taratibu, kwa huruma ambayo hakuwahi kumpa mtu yeyote, huku mdomo wake ukiimba wimbo asioujua. Na lililomtisha kuliko yote ni kwamba mumewe alikuwa anatabasamu.

Alijaribu kuuinua mkono. Mkono haukumsikia.

"Wifi," mdomo wake ulisema, kwa sauti tamu iliyokwenda polepole, "funga huo mlango. Utamwamsha."

Mshonaji alikuwa mwanamke aliyekata nguo za watu kwa miaka thelathini na hakuogopa kukata. Alipita mbio kando ya kitanda, akashika mapazia kwa mikono miwili, akayang'oa pamoja na fimbo yake. Jua la saa sita likaangukia kitandani lote kwa mara moja. Ndani ya kifua cha Mama Pacha kitu kilijikunja, kikatafuta giza, kikalipata mahali fulani chini ya mbavu, kikatulia. Vidole vikafunguka. Kitambaa kikaanguka sakafuni, na kando yake kikabingirika kichupa cha sampuli ambacho hakukumbuka kukitia mfukoni.

Mwoka mikate hakuwa anapumua. Walimvuta hadi dirishani, wakampiga mashavu, wakamwita kwa jina la utotoni ambalo dada mtu pekee alilikumbuka, na baada ya muda ambao Mama Pacha, kwa mara ya kwanza maishani, hakuupima, kifua kilipanda. Alifumbua macho. Akamtazama mkewe aliyekuwa analia juu yake, akamtazama vizuri, na uso wake ukaonyesha kitu ambacho mkewe alikitambua mara moja, kwa kuwa mwenye wivu husoma haraka. Ulikuwa uso wa mtu aliyefungua mlango akitarajia mgeni mwingine.

Mshonaji alikuwa na mteja mmoja, muuguzi mstaafu, kikongwe mwembamba ambaye watu walimwita Nesi Kaputi. Katika ujana wake alikuwa akiwalaza wagonjwa wa upasuaji kwa nusukaputi, tone kwa tone juu ya shashi iliyofunika pua, na baada ya kustaafu akawa anaitwa kwa wagonjwa wa aina nyingine. Alifika kesho yake asubuhi na mkoba mtupu. Hakuleta ubani wala kitabu. Aliagiza madirisha yote yafunguliwe na mwoka mikate akae kwenye kiti mbele ya mkewe.

"Shikamoo, Nesi," Mama Pacha alisema.

"Marahaba, binti yangu. Nieleze ulivyoifungua hiyo chupa."

Alieleza kwa mpangilio, kama ripoti. Wiki mbili zilizopita klorofomu mpya ilichelewa na darasa lilikuwa linakuja. Nyuma ya kabati la mwisho, katika jengo ambalo zamani lilikuwa hospitali, alikuta chupa kongwe ya kahawia yenye kizibo cha kioo, haina tarehe ya kufunguliwa. Sheria ilikuwa wazi, na aliiandika mwenyewe: chupa isiyo na tarehe haifunguliwi, hutupwa. Lakini darasa lake halijawahi kukosa kitu. Akabandika lebo mpya. Na ili kujua kama imeharibika alifanya wafanyavyo wenyeji wa kazi wakiwa peke yao, jambo ambalo mwanafunzi angefukuzwa kwa kulifanya: aliweka pua mdomoni mwa chupa.

"Ilikuwa bado tamu," alisema. "Lakini nilipovuta, Nesi, nilihisi kama nayo imevuta."

Kikongwe alitikisa kichwa. "Chumba cha upasuaji kilinifundisha jambo moja. Mtu akilazwa kwa dawa, mwenye nyumba hutoka na mlango hubaki wazi. Wengi wetu tulikuwa tunafunga mlango kwa kumwita mgonjwa jina lake. Wengine walikuwa na haraka." Akamshika Mama Pacha viganja. "Kule tulimwambia mgonjwa ahesabu kushuka ili alale. Hapa tutahesabu kupanda ili mtu aamke. Tutafika ishirini. Na wewe, baba, tukifika ishirini utasema neno moja: sikutaki. Aliyemwingia mkeo anakaa kwa ajili yako. Asipolisikia kwako haondoki. Umeelewa?"

"Nimeelewa," mwoka mikate alisema, akitazama sakafu.

Walianza. Moja. Mbili. Tatu. Kwenye saba sauti zilikuwa mbili katika koo moja, ya chini ikivuta nyuma, na kwenye tisa ile tamu ilijitenga.

"Mnanifukuzia nini?" ilisema. "Mimi si pepo wa njia panda. Nilizaliwa mara tatu, na kila aliyenizaa alinifungia chupani. Nimewalaza watu wakakatwa, nimewalaza wanawake wakazaa, na walipoamka walimshukuru daktari. Hakuna aliyewahi kunigusa. Huyu aligeuka usingizini akanikumbatia."

"Kumi," Nesi alisema.

"Kumi," Mama Pacha alisema, kutoka mbali.

"Mwulizeni huyu mke. Akirudi jioni anapima godoro. Anamnusa mumewe kama mbwa wa polisi. Mimi sikumwuliza kitu. Nilimpangusa unga kwenye nyusi."

"Kumi na moja."

"Ungemuua," Mama Pacha alisema, na safari hii mdomo ulikuwa wake.

"Ningemlaza," sauti ilijibu. "Wewe ungemwachia nani? Unamwonea wivu hata shuka lake. Tuko sawasawa, dada. Ndiyo maana nilikuingia bila kubisha hodi."

Kumi na mbili. Kumi na tano. Jasho la Mama Pacha lilinuka tunda lililooza. Kumi na nane. Mshonaji, mlangoni, alikuwa amejifunga kanga kiunoni kama anayesubiri kubeba maiti. Kumi na tisa.

"Ishirini," Nesi Kaputi alisema. "Baba."

Mwoka mikate aliinua uso. Alimtazama mkewe, au alimtazama aliyekuwa nyuma ya macho ya mkewe. Barabarani mtu alipita akisukuma mkokoteni, magurudumu yakilia, hadi sauti ikapotea kabisa, naye alikuwa bado hajasema.

"Baba, ishirini imefika."

"Nenda," alisema mwishowe, polepole sana. "Nenda tu."

Mama Pacha alihisi kitu kinanyanyuka chini ya mbavu, kizito, baridi, kikapita kooni na kumwachia utamu ulimini. Pazia la sebuleni lilivutwa nje ya dirisha, ilhali hapakuwa na upepo. Kisha chumba kikanuka chumba.

Nesi Kaputi alikuwa akimtazama mwoka mikate. "Sivyo nilivyokuambia useme."

"Ndivyo nilivyoweza."

"Haya." Kikongwe aliinuka, akachukua mkoba wake mtupu. "Ametoka kama alivyoambiwa. Lakini aliyeambiwa nenda si sawa na aliyefukuzwa. Mlango wenu mtaulinda wenyewe."

Binti wa Vipepeo aliichukua chupa ile akiwa amevaa glavu na kinyago, akaikabidhi kwa watu wanaoteketeza taka za kemikali. Mama Pacha alimwomba radhi bila kumweleza yote, na Binti, kwa kuwa alikuwa na moyo mzuri, hakuuliza. Mwoka mikate alipona. Zahanati walisema moyo hauruki tena daraja. Akarudi tanurini, akawa mpole nyumbani, mwenye shukrani, mwenye adabu, kama mpangaji. Alalapo hakulala tena kifudifudi. Alilala ubavu, uso umeelekea upande wa dirishani, mkono umenyooshwa juu ya shuka, kiganja wazi.

Mama Pacha aliuona mkono huo kwa wiki tatu. Kila alasiri godoro lilikuwa baridi, na ubaridi ule, alioutamani kwa siku nyingi, ulimuuma kuliko joto. Alikuwa ameshinda. Kwa nini basi alijiona kama mke mdogo katika nyumba yake?

Siku moja, saa sita, aliomba ruhusa kwa hiari yake. Alijichunguza njiani: alijua jina lake, alihesabu nguzo za umeme, alimsalimia wifi yake barazani na wifi akaitikia. Kila kitu kilikuwa chake. Aliingia chumbani, akavua viatu, akajilaza taratibu upande wa dirishani na kuweka shavu lake katika kiganja kilichokuwa wazi.

Mumewe hakufumbua macho. Lakini uso wake wote ulilainika, na lile tabasamu, ambalo hakuliona tangu siku ya kitambaa, likarudi mahali pake.

"Umekuja," alisema.

Alikuwa amejiandaa kumwambia: ni mimi, mkeo. Maneno yalikuwa tayari. Alimsogelea ili ayaseme kwa sauti ya chini, na mumewe akamvuta kifuani, akanong'ona ndani ya nywele zake.

"Yule wa jioni asijue. Usimwambie."

Mama Pacha alifungua mdomo, akiwa bado hajaamua kama atalia au atapiga kelele, na kabla hajaamua, jibu lilikwisha kutoka, tamu, bila haraka.

"Simwambii."